Panya wa Kimbo

Mliponiaga pale kantini mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye mmetoka kumwambia kwamba hana haraka tena. Nimeitundika jikoni na inakwenda vizuri. Halafu mmoja wenu, yule mrefu wa chumba cha kukuzia seli, akanifuata hadi getini akaniomba niandike mambo ya kazi, "yale hayako kwa vitabu, Madam." Nimekubali. Tangu nistaafu sina friji ya kukagua, na moyo wangu mimi ukikosa friji ya kukagua hujitafutia wasiwasi mwingine.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Nilifika kwenye maabara yetu, lile jengo fupi lililo kati ya Ruiru na Juja, nikiwa nimetoka chuo na diploma yangu kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa nimepanga chumba Mwihoko, mahali ambapo jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani kwako. Nilitarajia kupewa hadubini. Daktari Gachanja, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi ile na baadaye mwalimu wangu kwa miaka yote iliyobaki, alinipa sufuria, panga na gunia la magome ya mti wa muthiga. Nikapasua, nikakausha kivulini, nikasaga mpaka macho yakawasha. Sisi wa huku tumelelewa na muthiga. Ukikohoa unatafunishwa gome, ukilia kwa ule ukali unaambiwa ndiyo dawa inafanya kazi.

Daktari alikuwa amegundua kwamba ndani ya gome lile kuna kitu kinachoua seli za saratani zikiwa kwenye kisahani cha maabara. Hakujivunia hilo hata kidogo. "Kuua seli kwa kisahani si kazi," alikuwa akisema. "Hata dawa ya kuosha choo inaua." Kazi ilikuwa kukifikisha kitu hicho kwenye uvimbe na kukifanya kikae pale pale, kitoke polepole, kisizunguke mwilini kikiunguza ini na figo za watu. Ndiyo maana tukaingia kwenye haidrojeli.

Nyinyi mnaijua, lakini najua karatasi hii itasomwa na mama zenu pia, kwa hivyo niseme. Jeli yetu tuliitengeneza kutokana na maganda ya kamba wa baharini. Ikiwa baridi ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, inapita kwenye sindano. Ikipata joto la mwili inaganda na kukaa kando ya uvimbe, huku dawa iliyochanganywa ndani ikijitoa kidogo kidogo. Jeli yenyewe haitibu chochote. Ni mfuko tu wa kubebea dawa. Shikeni hilo, maana mambo yote yaliyonitoa jasho yalianzia hapo.

Jeli yangu ya kwanza niliikoroga kwa hofu, na mtu mwenye hofu hukoroga kwa kasi. Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiona imejaa mapovu.

"Nyambura," akasema, "umenitengenezea soda."

"Pole, Daktari. Naweza rudia sai sai."

"Usirudie sai sai. Jeli haikimbizwi. Ukiwa na haraka, enda kwanza nje utembee, uangalie miti, ndio urudi."

Nilitembea sana mwaka ule. Lakini niliishika kazi. Chombo kikae kwenye barafu tangu mwanzo. Mimina kwa kufuata ukuta wa glasi, usidondoshe kutoka juu. Ukitaka kujua kama imekubali, weka tone kwenye kiganja cha glavu, ukunje vidole, ungoje. Ikiteleza bado. Ikikaa kama jicho la samaki aliyeiva, imekubali. Na stima ikipotea, jambo ambalo huku si habari, usikimbilie kufungua friji kuona kama bado ni baridi. Wengi wenu mna ugonjwa huo. Mimi nilikuwa na masikio yaliyosikia friji ikinyamaza hata nikiwa kantini na chapati mdomoni, na chapati hiyo haikumezeka tena mpaka stima irudi.

Kuna wakati habari zilitoka, kwa mdomo wa nani sijui, kwamba Ruiru kumepatikana dawa ya kansa. Watu wakaanza kuja getini na mifuko ya eksirei. Askari wa geti hakujua awaambie nini, kwa hivyo Daktari alikuwa akitoka mwenyewe. Namkumbuka mama mmoja aliyetoka Thika, amejifunga leso kichwani, nywele zimekwisha kwa matibabu.

"Nipatie tu kidogo, Daktari," alisema. "Hata kama ni ya panya, mimi nitakunywa."

"Mama, panya si mtu. Na hata hao panya sijamalizana nao. Dawa yako iko hospitali, na iko tayari. Hii yangu sijui kama itawahi fika."

Mama alilia. Daktari alimwachia alie, akamnunulia chai, akamsindikiza hadi stejini na kumngoja apande gari. Aliporudi aliosha mikono na kuendelea na kazi. Niliona usoni pake ugumu wa kumnyima mtu tumaini, nikashukuru Mungu kwamba kazi hiyo haikuwa yangu.

Sasa nije kwenye majaribio ya panya, na ule ujanja wetu wa majina.

Mnajua kwamba anayepima uvimbe hatakiwi kujua panya yupi amepewa nini. Mkono wa binadamu una upendeleo hata akili ikiwa safi. Kwa hivyo mimi nilichanganya na kujaza sindano, nikijua kila kitu, na Daktari akapima bila kujua. Makundi tuliyaita A, B, C na D. Halafu tukagundua kwamba kila aliyeingia chumbani aliipenda A. Mtu aliyesomea shule zetu, ambako A ni ya kwenda chuo na D ni ya kurudi nyumbani kuchunga mbuzi, hawezi kuitazama D kwa jicho moja na A. Tukajadiliana kwenye chai, tukaona tutumie majina ya steji za barabara yetu, maana steji haina alama. Tukayaita makundi Kimbo, Mwihoko, Witeithie na Makongeni. Tulijiona wajanja kweli.

Siri ya majina nilikuwa nayo mimi, na mtu mmoja wa kamati ya maadili ambaye hakufika kwetu kamwe. Daktari aliniita kando siku ya kuanza.

"Mtu akikuuliza, usiseme. Hata mimi nikikuuliza."

"Hata wewe, Daktari?"

"Hasa mimi."

Kundi moja lilipewa jeli yenye dawa. Lingine dawa bila jeli. Lingine maji ya chumvi tu. Na lingine jeli tupu, mfuko bila kitu ndani, ili tujue kama mfuko wenyewe una kazi. Jeli tupu ilikuwa Kimbo.

Majaribio yakiwa katikati, Daktari akaanza kukonda. Mshipi wake ulipata matundu mapya, aliyotoboa mwenyewe kwa msumari. Alikuwa akitoka mkutanoni ghafla na kurudi uso umemlowa. Siku moja tukiwa kwenye sinki, tunaosha mikono bega kwa bega, akaniambia bila kunitazama kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba daktari wa upasuaji anataka kumpasua haraka. Nilifunga bomba. Nikamuuliza ni lini.

"Tukimaliza hawa panya," akasema.

Nilidhani ni ubishi wa mtu anayependa kazi yake. Wiki zikapita. Kila nilipomuuliza alijibu hivyo hivyo, na kila alipopima panya alitoka chumbani amechangamka. Kuchangamka kwake kuliniogopesha kuliko kukonda kwake, na sikujua kwa nini mpaka nilipokwenda nyumbani kwao Murera kumwona mkewe.

Sikwenda mikono mitupu, nilibeba unga, sukari na majani. Mama Wambui alinipokea jikoni, Daktari akiwa amelala chumbani mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mama Ciru," akaniambia kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina la mwanangu, "huyu mzee amenishinda. Hospitali hataki. Anasema dawa yake iko karibu. Eti kuna panya wa Kimbo."

"Wa Kimbo?"

"Eti uvimbe wao unaisha. Anasema hiyo ya Kimbo atajidunga yeye mwenyewe. Wewe ndio unatengeneza hizo vitu. Niambie, kweli iko dawa?"

Mezani kulikuwa na kikombe cha chai alichonimiminia na sikuweza kukiinua.

"Sisi tulianzia maisha Kimbo, unajua," akaendelea. "Chumba kimoja, choo cha nje. Wambui alizaliwa hapo. Hata sai tukipita anaangalia upande ule anacheka peke yake. Mimi nikamwambia, pengine ni Mungu anatuonyesha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumeikimbia A kwa sababu inapendwa, tukaweka mbele ya mtu jina la mahali alipokuwa kijana, ameoa juzi, mtoto wa kwanza mikononi. Uvimbe wa panya uko chini ya ngozi na ni laini. Vernia ya kupimia ina taya mbili, na kidole gumba ndicho kinachozisukuma. Ukisukuma zaidi kidogo, uvimbe unapungua kwenye namba. Daktari hakudanganya, hajawahi kudanganya namba katika maisha yake. Ila kidole chake kilikuwa kikimtafutia njia ya kuishi, na yeye hakukiona.

"Mpeleke hospitali, Mama Wambui," nikasema. "Usingoje panya."

"Hata wa Kimbo?"

"Wa popote."

Alinitazama sana. Sikuweza kumwambia zaidi, na nilitoka pale nikijichukia.

Nawaambieni ukweli, siku zile sikuwa mtu. Nikisema, naharibu kazi ya miezi mingi, na panya wale wote watakuwa wamekufa bure. Hilo ningelivumilia. Lakini nikisema, ataniamini? Angeona ninamsukuma kuelekea kisu, jinsi mkewe alivyokuwa akimsukuma. Nisiposema, mtu aliyenifundisha kila ninachokijua angejidunga maji na maganda ya kamba, kisha akae Murera akingoja kupona huku utumbo wake ukiendelea kuoza. Nilichanganya jeli ikatoka na mapovu. Nilitia chumvi kwenye chai nyumbani na watoto wakanyamaza wasicheke, ndipo nikajua sura yangu ilivyokuwa.

Kisha ikaja siku ambayo Daktari aliwaambia wenzetu waende chakula cha mchana mapema. Nilibaki peke yangu nikisuuza vyombo. Alikuja akasimama mbele ya friji ya sindano, ambayo ufunguo wake nilitembea nao mimi.

"Nipe ufunguo, Nyambura."

"Wa nini, Daktari?"

"Usinifanye mtoto. Unajua."

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni mwa koti, sijui ulifikaje huko.

"Basi niambie kitu moja tu," akasema. "Kimbo ndio iko na dawa?"

Nilikuwa naona mishipa ya shingo yake, na koti jeupe limemning'inia kama la kuazima.

"Nyambura, mimi nakufa."

"Najua, Daktari."

"Na bado hutasema?"

"Uliniambia nisiseme." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Hasa kwako."

Kisha akainua mkono, kama askari wa trafiki.

"Ngoja. Usifanye kitu. Usiseme kitu. Ukisema iko, nitashuku unanihurumia. Ukisema haiko, nitashuku umetumwa na Mama Wambui." Akaketi kwenye kile kiti kirefu, akashika kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa ile ya kazini. "Funika majina."

"Daktari?"

"Majina ya vizimba. Funika yote. Changanya. Mimi nitaangalia nje."

Akasimama dirishani, mgongo kwangu. Nikachukua plasta za kufungia vidonda nikabandika juu ya kila jina, nikabadilisha vizimba nafasi mpaka mimi mwenyewe nikawa sina uhakika. Nikamwita. Nikamshikia panya mmoja mmoja, akapima, akataja namba, nikaandika. Hakuharakisha. Nilitamani aharakishe, kisha nikatamani asimalize kabisa.

Tulipomaliza nilibandua plasta na kuandika jina la kizimba mbele ya kila namba. Nikampa karatasi. Panya wa Kimbo hawakuwa wamepona. Uvimbe wao ulikuwa umekua, sawasawa na wa wale wa maji ya chumvi. Aliisoma, akaenda kwenye vizimba, akamchukua mmoja wa Kimbo akampapasa kwa vidole vitupu, macho yamefumba. Akamrudisha taratibu.

"Ni mkono wangu," akasema. "Woi, Nyambura. Ni mkono wangu ulikuwa unaomba."

Hakuniuliza lolote kuhusu siri. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya meza, akampigia mkewe simu pale pale mbele yangu.

"Mama Wambui, nitolee nguo. Ya hospitali. Hapana, si kesho. Naja sai, twende."

Aliwakabidhi wengine vernia siku hiyo hiyo, akaieleza kamati ya maadili kila kitu kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na sehemu za kuaibisha. Ndiyo maana leo nyinyi mnapima wawili wawili na vizimba vina namba za kupigiwa kura, na mnalalamika kwamba ni usumbufu.

Siku ya upasuaji niliketi na Mama Wambui kwenye benchi la hospitali. Yeye aliomba kimya kimya, mimi nilihesabu vigae vya sakafuni nikapotea, nikaanza tena. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote wawili. Daktari wa upasuaji alipotoka alituambia wameondoa utumbo mrefu, na kwamba ugonjwa ulikuwa umefika ukingoni mwa utumbo, haujavuka. Akasema hangependa kufikiria angekuta nini iwapo mgonjwa angechelewa tena. Mama Wambui alinishika mkono akanifinya mpaka pete ikaniumiza. Baada ya hapo zikaja dripu za dawa, kutapika, na ule mfuko wa choo wa kubandika tumboni anaoishi nao mpaka leo. Yuko hai. Anafuga kuku Murera na kuwapa majina ya maprofesa asiowapenda.

Alirudi kazini akawahi kushuhudia kufunguliwa kwa siri ya majina. Chumba kilijaa. Nilisimama mbele nikataja moja baada ya nyingine: Makongeni, maji ya chumvi. Mwihoko, dawa bila jeli. Witeithie, jeli yenye dawa. Kimbo, jeli tupu. Uvimbe wa Witeithie ulikuwa umepunguza mwendo wa kukua. Haukuisha, ila ulipunguza mwendo, na kwa kazi yetu hiyo ni sababu ya kupiga makofi. Watu wakapiga makofi.

Daktari hakupiga. Nilipoketi karibu naye alinishika mkono chini ya meza. Mtu huyu aliingia chumba cha upasuaji akiwatania manesi, na sasa alikuwa akitetemeka mwili mzima, meno yakigongana, huku wenzetu wakipeana hongera juu ya vichwa vyetu.

"Nyambura," akanong'ona, "ule ufunguo. Ungenipa?"

Nilimsogezea glasi ya maji nikamwambia anywe kwanza. Akanywa. Watu wakaja kumsalimia, na hatukulirudia swali lile tena, si siku hiyo wala miaka iliyofuata, ingawa najua hakulisahau kwa sababu na mimi sikulisahau. Atasoma karatasi hii. Bado anasoma kila kinachotoka maabara na kusahihisha nukta.

Basi Daktari, nakujibu. Ulipoinua mkono ukaniambia ningoje, nilikuwa nimeshautoa ufunguo mfukoni.